Kioo cha Tabaka Arobaini

Alikuwa akiosha kioo mara tisa. Kioo kimoja tu, kidogo, cha upana wa vidole viwili, ambacho mtu mwingine angekipangusa kwa pindo la shati akaendelea na shughuli zake. Mara tatu kwa sabuni, mara tatu kwa asidi, mara tatu kwa maji aliyoyakeneka mwenyewe, yaani kuyachemsha na kukinga mvuke ukigeuka maji tena. Akimaliza alikiinua dirishani na kutazama maji yanavyoteremka. Yakikatika matone matone, alianza upya.

"Kioo kikiwa safi, Fundi," aliniambia, "maji hayana pa kujikunyata. Yanatandaa kama shuka."

Mimi ndiye Fundi. Nilikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari ya bweni pale Dodoma, miaka ile biashara ilipofunguliwa: maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa sabuni za rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na shule nazo zikaambiwa zijitafutie. Yeye alikuwa mwalimu wa kemia. Walimu wa kike wote tuliwaita Madam, lakini ukisema Madam bila kuongeza jina, kila mtu pale, hata mlinzi wa getini, alijua ni yeye. Nami nitamwita hivyohivyo. Jina lake analo, na sikumwomba ruhusa ya kulitumia.

Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alisahihisha watu wakiwa bado wanazungumza. Siku moja Mkuu wa shule alisimama mbele ya wazazi akajisifu kwamba shule yetu ina maji masafi. Madam akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Maji safi, Mkuu. Hakuna masafi. Na ya kwetu si safi, ni meupe tu. Tazameni masufuria yenu."

Wazazi wakacheka, maana kila nyumba ya Dodoma inaujua ule ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria ya chai. Mkuu hakucheka.

Lakini darasani watoto walimfuata kama siafu. Kidato cha pili aliwafundisha kwa karai la maji na poda ya mtoto mchanga. Aliinyunyiza poda juu ya maji ikatulia, kisha akagusa katikati kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye mafuta. Poda ilikimbia hadi ukingoni, kufumba na kufumbua, na darasa zima likapiga kelele.

"Nani ameifukuza?"

Watoto wakainama juu ya karai.

"Mafuta. Yametandaa juu ya maji unene wa molekuli moja. Hamuyaoni, ila mmeona yalivyosukuma. Msikatae kitu kwa sababu hamkioni. Wala msikikubali mpaka mwone kimesukuma nini."

Kazi yake mwenyewe ilikuwa hiyohiyo, ila kwa subira ya kutisha. Alikuwa na sinia refu jeupe la plastiki ngumu, alilorudi nalo kutoka Ulaya akiwa amelifunga ndani ya sweta. Alilijaza maji yaliyokenekwa, akayatia chumvi kidogo ya madini yaitwayo kadimi, akadondosha juu yake asidi ya mafuta iliyoyeyushwa. Zile molekuli zilisimama juu ya maji, vichwa majini, mikia hewani. Kisha kwa ufito aliokuwa akiusogeza polepole kuliko mkono wa saa alizibana mpaka zikasimama bega kwa bega. Hapo ndipo alipokichovya kioo. Kikishuka kilivaa tabaka moja, kikipanda kilivaa ya pili. Mota ya kukishusha na kukipandisha tuliitoa kwenye redio kaseti yangu iliyokufa, na gia zake tulizipunguza kasi mimi na yeye kwa wiki mbili nzima.

Tabaka zikitimia, alikining'iniza kioo ndani ya chupa yenye gesi inayonuka kama mayai yaliyooza. Gesi ilipenya katikati ya tabaka, ikaikuta kadimi, na hapo palizaliwa vipande vya kitu kingine, vidogo kuliko chochote ambacho hadubini yetu ingeweza kuonyesha. Kadimi na gesi ile vikikutana kwenye chupa ya kawaida vinatoa unga wa njano kama bizari. Lakini vikibanwa kati ya tabaka na tabaka visipate nafasi ya kukua, rangi inahama. Inafifia, inakimbilia upande mwingine.

"Kitu ni kilekile," alisema. "Hujaongeza kitu, hujapunguza. Umekizuia tu kisikue, kikawa na tabia nyingine."

Alitafuta neno la Kiswahili la kuviita vipande hivyo. Alisema katika lugha aliyosomea waliviita nukta, lakini nukta hakuitaka. "Nukta ni ya kwenye daftari. Haina uzito. Hivi vina uzito, japo kidogo."

Mimi mtoto wa Kigogo, nimelelewa na uwele na mtama. Nikamwambia, "Kwetu kitu kidogo chenye uzito ni punje."

"Punje," akasema. Akaandika kwenye daftari lake, na pembeni akaandika: neno la Fundi. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuandika kitu nilichosema.

Huyohuyo aliyeosha kioo mara tisa alikuwa akila zabibu bila kuziosha. Alizinunua kwa akina mama wa barabarani, akazipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake la maabara, akazitupia mdomoni. Nilipomuuliza, alisema tumbo lake halikuwa jaribio. Aliwakataza watoto kuita wenzao majina ya kabila, lakini yeye alimwita mwalimu wa hesabu "yule wa pwani" mpaka alipohama. Wagogo wote aliowakuta njiani aliwaamkia "mbukwenyi", neno pekee la Kigogo alilolijua, hata akiwaona mara nne kwa siku. Na ingawa alihubiri kwamba ukweli hauna haraka, hakuna mtu aliyekuwa na haraka kama yeye kila barua ilipokuwa inasubiriwa posta.

Barua hizo zilitoka kwa profesa wake. Madam alisoma miaka sita katika nchi moja ya baridi iliyotusomeshea watu wengi. Udaktari wake ulikuwa umebaki robo tu, serikali ya kule ikaanguka, taasisi ikafungwa, wageni wakapewa tiketi za kurudi makwao. Hayo alinisimulia kwa sentensi moja, akiwa anasuuza mrija, wala hakugeuka. Kisha profesa akapata kazi chuo kingine, akamwandikia: akiweza kutengeneza vioo vinne, vya tabaka kumi, ishirini, thelathini na arobaini, vyenye punje ndani yake, vyote kwa maji yaleyale na mkono uleule, atavipima kwa mashine yake aone rangi inavyohama, na Madam ataruhusiwa kwenda kuitetea kazi yake ya udaktari mbele ya jopo.

"Vioo vinne, Fundi," aliniambia. "Mtu mzima anashindwa vioo vinne?"

Vilimchukua karibu miaka miwili. Umeme ulikatika ufito ukiwa njiani, na kazi ya siku tatu ikafa. Upepo wa kiangazi ulileta vumbi jekundu kupitia nyufa ambazo hatukujua kama zipo, na chembe moja ya vumbi juu ya sinia ilitosha. Tulitundika mashuka mabichi madirishani. Alianza kazi alfajiri kabla upepo haujaamka. Lakini adui mkubwa alikuwa maji. Dodoma ya miaka ile ungeweza kupanga foleni bombani toka asubuhi mpaka adhana ya mchana ukaondoka na ndoo moja. Walimu walinung'unika chumba cha walimu, tena kwa sauti ili asikie.

"Watu hawana ya kuoga, mwenzetu anayachemsha yawe mvuke."

Alichofanya Madam ni kukeneka mgawo wake mwenyewe wa nyumbani, na maji ya kupoozea mtambo aliyakinga kwenye ndoo akayapeleka jikoni kwa Mzee Mpishi ya kuoshea vyombo. Mzee Mpishi ndiye mtu pekee shuleni aliyekuwa akimtania. Alikuwa mtu wa makamo kutoka kijiji kimoja kando ya barabara ya Kondoa, mpole, mwenye watoto wanne na kofia ya sufi isiyotoka kichwani hata jikoni kwenye moto.

"Madam, leo umetupikia nini huko kwako?" alikuwa akimuuliza.

"Nimepika kitu kisichoonekana, mzee wangu."

"Basi kitatosha shule nzima."

Kioo cha tabaka kumi kikatoka. Cha ishirini kikatoka. Cha thelathini kilitoka kizuri mno hata akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Sasa niseme la maji machafu, maana nimelizungukia vya kutosha.

Maji yenye kadimi hakuyamwaga. Kadimi ni sumu, alinifundisha. Ikiingia mwilini inakaa kwenye figo na haina haraka ya kutoka. Kwa hiyo maji yote yaliyotumika kwenye sinia aliyatia kwenye chupa kubwa za kioo zenye lebo, akisubiri siku atakayopata namna ya kuyamaliza. Chupa zikajaa. Moja ikapasuka. Nikamwambia nitaleta dumu. Madumu ya plastiki ya njano yalikuwa yameenea mji mzima miaka ile. Yalikuja na mafuta ya kupikia kutoka nje, mafuta yakiisha dumu lilibaki la maji, na kila nyumba ilikuwa nayo. Nilileta moja, nikabandika karatasi ya onyo kwa gundi ya unga.

"Gundi ya unga itakauka itabanduka," alisema. "Andika kwa rangi."

"Nitaandika, Madam."

Sikuandika. Hakukuwa na sababu. Nilikuwa na rangi, nilikuwa na brashi. Kila siku niliona kuna kesho.

Mwezi wa tisa maji yalikatika shuleni siku nne. Lori likaleta madumu ya maji, na kwa kuwa watu walikuwa wanaibiana maji kama wanavyoibiana mbuzi, Mkuu akaagiza madumu ya jikoni yalazwe stoo ya maabara, chumba pekee chenye kufuli la maana, na ufunguo nibaki nao mimi. Niliyapanga mwenyewe ukutani. Dumu la Madam lilikuwa palepale. Karatasi ilikuwa imeshaanguka nyuma yake.

Asubuhi Mzee Mpishi alikuja kuchukua maji ya uji. Mimi nilikuwa natoka mbio kuwahi foleni ya bomba la mtaani kwetu. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga na nyumbani hapakuwa na tone. Nikamtupia ufunguo.

"Yapi nichukue?" aliniuliza.

"Chukua yoyote, mzee. Yote ni maji."

Ndivyo nilivyosema. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, nikitafuta kama labda niliyasema vingine. Sikuyasema vingine.

Saa mbili na nusu watoto wa bweni la kwanza walianza kutapika. Walikuwa zaidi ya thelathini, wamejikunja kwenye nyasi kavu nje ya bwalo wakishika matumbo, na nesi wa shule anakimbia huku na huku na beseni moja. Namshukuru Mungu, hakufa mtu. Siku ya pili wengi walikuwa wamesimama. Lakini wiki hiyohiyo ilikuwa imebandikwa orodha ya wafanyakazi watakaopunguzwa kazini, na jina la Mzee Mpishi lilikuwa la tatu. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walisema amelipiza kisasi. Polisi wakaja, wakachukua unga, wakachukua maharage, wakamchukua na yeye. Madumu hakuna aliyeyafikiria.

Kituoni Mzee Mpishi alisema maji alipewa na bwana wa maabara, akaambiwa yote ni maji. Askari akaja kuniuliza. Nilisema nilimpa ufunguo kwa amri ya Mkuu, basi. Mengine sikumwambia.

Siku ya tatu Madam aliingia stoo, akatoka.

"Fundi, dumu langu la taka liko wapi?"

"Sijui, Madam. Labda watoto wamelisogeza."

Hakubisha. Alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na madumu sita matupu, mawili mkononi kila safari. Kila moja alilisuuza kwa maji kidogo aliyoyakeneka, akayachemsha yapungue, akayatia kwenye mrija. Mirija sita kwenye kibao. Kisha akafungua gesi ya mayai yaliyooza, akaipitisha kwenye mrija mmoja mmoja. Wa kwanza haukubadilika. Wa pili, wa tatu, hivyohivyo. Wa nne ukageuka njano.

Ilikuwa njano nyepesi, nzuri kuitazama. Miaka miwili nilikuwa nimeiona njano ile na kuifurahia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Una la kuniambia?"

Nikasema sina.

Akaiosha ile mirija mitano mingine, polepole, mara moja tu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuzungumza. Sikuzungumza. Akauchukua ule wa njano, akaufunika kwa kizibo, akatoka nao kwenda kwa Mkuu. Baadaye kidogo nikaitwa.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza. "Dumu lilikuwa langu," alikuwa anasema. "Sumu ni yangu. Halikuwa na lebo. Fundi hakujua kilichomo." Alipofika hapo alitazama ukutani, kwenye kalenda. Mkuu akanigeukia akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, Mkuu," nikasema.

Nilimjua Madam kwa ukali wa ukweli wake. Aliwahi kumfelisha mtoto wa mkubwa mmoja kwa kubuni namba moja tu kwenye jaribio. Na hapo alisema uongo kwa ajili yangu, uongo wa maneno matatu, nami nikauvaa kama koti la mtumba linalonitosha.

Mzee Mpishi aliachiwa jioni hiyo. Lakini Mkuu alifanya hesabu zake. Karo zilikuwa zimerudi, wazazi walikuwa na uchaguzi wa shule. Wakisikia maabara ndiyo iliyolisha watoto wao sumu, bweni lingebaki tupu. Kwa hiyo paredi ya Jumatatu tulitangaziwa kwamba chakula kiliharibika kwa uzembe wa jikoni na hatua zimechukuliwa. Madam alisimama mbele ya shule nzima.

"Si kweli, Mkuu, na wewe unajua."

Alipata barua ya uhamisho kabla ya mwezi kuisha. Mzee Mpishi aliondoka pamoja na wenzake wa ile orodha ya kupunguzwa, bila mtu kumwambia samahani, na huko kwao habari ilikuwa imeshatangulia.

Kioo cha tabaka arobaini hakikutengenezwa. Chumvi iliyobaki na maji yote yaliyobaki aliyachanganya na saruji ndani ya pipa la bati, akasubiri likauke liwe jiwe, akalipeleka mwenyewe kwa gari la kukodi kwenye ofisi inayoshughulika na sumu. Nilimwambia, "Madam, umebakiza kimoja tu." Akajibu kwamba hatengenezi tena tone la maji yale mahali penye jiko la watoto, na kila mahali alipojua yeye palikuwa na jiko la watoto. Siku ya kuondoka alimwamkia kila mtu getini mbukwenyi. Mimi alinipa mkono.

Mimi nikabaki. Nikapandishwa cheo. Nikajenga.

Ilipita miaka tisa hivi kabla sijamwona tena. Nilitumwa Kondoa kuandaa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne katika shule ndogo ya binafsi, nikafungua mlango wa maabara, nikamkuta anapanga bureti, ile mirija mirefu ya kupimia. Nywele zilikuwa zimeota mvi mbele. Alinitazama juu ya miwani.

"Fundi. Umenenepa."

"Shikamoo, Madam." Tulikuwa tumepishana miaka michache tu na sikuwahi kumwamkia shikamoo maisha yangu. Ilinitoka tu.

Aliitikia marahaba. Tukafanya kazi mpaka mtihani ukaisha, kisha akanikaribisha kwake, chumba kimoja na sebule nyuma ya msikiti. Akapika chai. Nikamuuliza habari za vioo.

"Nilimtumia profesa vile vitatu. Akanijibu kwamba ni vizuri, ila vitatu havichori mstari wa kuaminika. Ni kweli. Mimi pia nisingempitisha mtu kwa vitatu."

Alisema bila uchungu, au uchungu ulikuwa mahali nisipopaona. Chai ikapoa. Nikaona nisipoyasema siku ile nitakufa nayo, basi nikayasema: karatasi, rangi nisiyoitumia, ufunguo, maneno niliyomwambia mzee asubuhi ile. Nikamwomba msamaha kwamba alibeba mzigo wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Najua ulikuwa na ufunguo. Nilidhani kesho yake utakwenda kwa Mkuu mwenyewe. Nilikuachia siku moja, kisha nyingine. Nilikukasirikia miaka mingi, Fundi."

"Una haki."

"Subiri. Unaniomba mimi msamaha kwa sababu mimi ndiye rahisi."

Nikakisukuma pembeni kikombe changu.

"Nilikwenda kwa yule mzee," akaendelea. "Mara ya kwanza hakunikaribisha. Mara ya pili alinipa kigoda, tukakaa kimya. Mara ya tatu akawaita watoto wake, akaniambia, waambie hawa, maana wao ndio wanaoitwa watoto wa mlisha sumu. Nikawaambia dumu lilikuwa langu. Binti mkubwa akaniuliza: je, ni kweli baba aliambiwa yote ni maji? Mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya Mkuu, tena kwa maandishi, kwamba wewe hukujua kitu. Akaniuliza, kwa hiyo baba anatudanganya?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Sikuwepo. Nilidhania, lakini sikusikia. Nikamwambia sijui." Akaipangusa miwani yake. "Uongo wangu ule mdogo, nilioutoa kwa huruma, ulimfanya mzee mwongo mbele ya wanawe. Sikuwa na namna ya kuurudisha. Waliosikia maneno yale ni wewe na yeye."

"Nitakwenda kumwona," nikasema. "Kesho."

"Amefariki. Kabla ya mvua za mwaka jana."

Nje watoto walikuwa wakitoka madrasa. Aliinuka, akasuuza vikombe, akaniambia basi la Dodoma hupita kijijini kwa Mzee Mpishi saa nane mchana, na nyumba ni ya pili baada ya mashine ya kusaga. Hakuniambia niende. Alinisindikiza mpaka stendi, na njia nzima alinisimulia juu ya wanafunzi wake, kwamba mmoja wao ana mkono mtulivu kuliko alivyowahi kuwa yeye mwenyewe. Basi lilipowaka alirudi kabla halijaondoka. Sijamwona tena.

Nilishuka penye mashine ya kusaga. Nyumba ya pili, mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi alikuwa anapepeta uwele uani. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Nikabisha hodi, akanikaribisha, akanionyesha kigoda, kisha akaniuliza nimetokea wapi na nina habari gani. Nikamwambia mimi ni nani, na nilimwambia baba yake nini asubuhi ile aliponiuliza achukue maji yapi.

Ungo ulisimama mikononi mwake. Sikumtazama usoni. Nilisikia anauweka chini.

"Usiendelee," akasema. "Mama yuko ndani amelala. Wadogo zangu wawili wako shambani, na mmoja yuko kisimani. Utasema mara moja, wote tukiwepo."

Akamtuma jirani awaite. Mimi nikakaa pale kwenye kigoda, juani, nikiwangoja warudi.